Mapitio: Ungamo la Imani la Westminster juu ya wokovu, ubatizo na unabii

Watu wanapobishana kanisani kama aliyeokoka anaweza kupotea, kama mtoto wa wiki sita abatizwe, na kama bado kuna manabii, mara nyingi upande mmoja unasema maneno yaliyotoka katika kitabu hiki, hata kama hakuna aliyewahi kukishika. Ni kitabu chembamba, sura 33 tu, na kila sura ina vifungu vichache. Lakini ndicho kilichoipa theolojia ya Kikalvini, yaani ya John Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, mpangilio ambao makanisa ya Kipresbiteri yameutumia kwa karne nyingi.

Kiliandikwa London, kwenye mkutano ulioitishwa na Bunge la Uingereza na kuanza Julai 1643. Bunge liliteua wanatheolojia 121 na wabunge 30, na Scotland ikatuma wajumbe wake. Ungamo lilikabidhiwa Bunge Desemba 1646, na Kanisa la Scotland likalipokea Agosti 1647. Kwetu lilifika pamoja na wamisionari wa Kiskoti walioanzia Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898, mahali lilipochipukia kanisa tunaloliita leo PCEA (Presbyterian Church of East Africa). Wenzao wa Reformed Church of East Africa, Eldoret, mizizi yao ni ya Kiholanzi na ya Afrika Kusini. Huko ndugu wa Ungamo hili ni Katekisimu ya Heidelberg ya 1563 na Kanuni za Dort za 1619, zilizotoka kwenye sinodi ya makanisa ya Kikalvini huko Uholanzi.

Kabla ya kusoma jambo lolote juu ya wokovu, fungua sura ya 1, kifungu cha 6. Hapo waandishi wanataja kanuni yao ya kazi: shauri lote la Mungu ama limeandikwa waziwazi katika Maandiko, ama laweza kutolewa humo kwa hoja njema na ya lazima. Kanuni hiyo ni ya haki. Yesu mwenyewe aliwathibitishia Masadukayo ufufuo kwa hoja, akitumia maneno "Mungu wa Ibrahimu". Shida ni neno "lazima". Hoja tatu zinazozua ugomvi mkubwa, yaani kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wateule (waliochaguliwa na Mungu waokolewe) peke yao, kwamba watoto wachanga wabatizwe, na kwamba ufunuo wa kinabii umekoma, zote zinategemea hoja zaidi kuliko aya iliyo wazi. Kwa hiyo mapitio haya yanauliza swali lilelile mara tatu: je, hitimisho hili ni la lazima kweli, au linawezekana tu?

Rasimu ya kwanza haikuwa na aya za ushahidi. Bunge ndilo lililozidai, zikaongezwa mwaka 1647. Ndiyo maana aya nyingine zinakaa vizuri chini ya kifungu chake na nyingine zinaning'inia. Mfano ni sura ya 3, kifungu cha 3, kinachosema kwamba kwa amri ya Mungu wanadamu na malaika wengine wamewekewa uzima wa milele na wengine mauti ya milele. Mojawapo ya aya zake ni Mathayo 25:41. Isome mwenyewe: moto ule "aliowekewa tayari Ibilisi na malaika zake". Wanadamu wanaingia humo, ndiyo, lakini aya haisemi kwamba uliandaliwa kwa ajili yao, tena aya inayofuata inataja sababu: nilikuwa na njaa, hamkunipa chakula.

Juu ya wokovu, sehemu kubwa ya kitabu ni dhahabu. Sura ya 9 hadi ya 18 zinastahili kufundishwa katika kila kanisa, hata lisilo la Kikalvini. Anayedai kwamba Wakalvini wanafundisha Mungu anawaburuta watu kama mbuzi asome 10:1 (yaani sura ya 10, kifungu cha 1 cha Ungamo): Mungu huwaangazia akili, huwapa moyo wa nyama, huzigeuza nia zao, nao wanakuja kwa hiari kabisa kwa kuwa neema imewafanya watake. Msingi wake ni Yohana 6:44, "Hakuna mtu awezaye kuja kwangu, asipovutwa na Baba aliyenipeleka". Sijaona jibu la upande wa pili linaloiondolea aya hii uzito wake. Mtu mfu katika dhambi hajifufui, na Waefeso 2 inalisema hilo bila kumung'unya. Sura ya 11 juu ya kuhesabiwa haki nayo ni safi: tunahesabiwa haki kwa ajili ya Kristo peke yake, wala imani yenyewe haigeuzwi kuwa sadaka ya kumlipa Mungu.

Kasoro inaanza 3:6, mahali panaposema hakuna wengine waliokombolewa na Kristo ila wateule tu. Hoja inakwenda hivi: Mungu amechagua watu fulani, kifo cha Kristo kinaokoa kweli, hakifungui tu uwezekano wa kuokoka, basi alikufa kwa ajili ya hao tu. Ni hoja yenye nguvu, lakini ili iwe ya lazima inabidi aya kadhaa zisemeshwe kwa taabu. 1 Yohana 2:2 inasema ni kipatanisho "wala si kwa dhambi zetu tu, bali na kwa dhambi za ulimwengu wote". 1 Timotheo 2:4 inasema Mungu "hutaka watu wote waokolewe". Hizo mbili Mkalvini huzijibu kwa kusema "wote" maana yake watu wa kila namna, na mahali pengine jibu hilo linafaa. Lakini 2 Petro 2:1 inawataja walimu wa uongo wanaomkana Bwana aliyewanunua na kujiletea uharibifu. Hapa neno "wote" halipo la kulitafutia maana nyingine. Kuna walionunuliwa, na wanaangamia.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba hata ndani ya mkutano ule hawakuwa na sauti moja. Mwaka 1645 Edmund Calamy, mmoja wa wajumbe, alisimama akatetea kwamba Kristo alilipa fidia kwa ajili ya wote, na akasema wazi kwamba hamaanishi hilo kwa mtindo wa Waarminio, wanaofundisha kwamba mtu anaweza kuikubali au kuikataa neema. Aliwarejesha wenzake kwa wanatheolojia wa Kiingereza waliokuwa Dort. Na Kanuni za Dort zenyewe, katika fundisho la pili, zinakiri kwamba kifo cha Kristo kina thamani isiyo na kikomo, chatosha tele kwa dhambi za ulimwengu wote, ndipo zinaposema kwamba nguvu yake ya kuokoa inawafikia wateule. Sentensi hiyo ya utoshelevu haimo Westminster, na kukosekana kwake kunamwacha mhubiri mchanga akiogopa kumwalika kila mtu. Anayepata hofu hiyo aende 7:3, inayosema Mungu huwatolea wenye dhambi bure uzima na wokovu kwa Yesu Kristo. Katika hotuba za Matendo mitume hawasemi "Kristo alikufa kwa ajili yako, fulani". Wanasema kila amwaminiye anahesabiwa haki (Mdo 13:38-39). Mhubiri akishika hilo hatazuiliwa na upande wowote.

Kasoro ya pili ni ya mpangilio, na hii ndiyo inayoumiza watu zaidi. Calvin katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, Institutio, la mwaka 1559, lenye vitabu vinne na sura 80, aliweka fundisho la uteule katika kitabu cha tatu, sura ya 21 hadi 24, baada ya imani, toba, kuhesabiwa haki na sala. Msomaji anafika hapo akiwa tayari ameshika mkono wa Kristo, na Paulo anakwenda vivyo hivyo: Warumi 9 inakuja baada ya 8. Westminster inaweka amri ya milele katika sura ya 3, kabla hata ya uumbaji. Mwanafunzi wa katekisimu anakutana na idadi ya wateule "isiyoweza kuongezwa wala kupunguzwa" (3:4) kabla hajasikia jina la Mkombozi likielezwa. Swali la kwanza linalomjia ni, "Na mimi je?"

Jibu la swali hilo liko mbali, sura ya 18. Kifungu cha 2 kinataja misingi mitatu ya uhakika wa wokovu: ahadi za Mungu, dalili za neema ndani ya mtu, na ushuhuda wa Roho wa kufanywa wana. Ni vizuri. Lakini kifungu cha 3 kinasema uhakika huo si sehemu ya kiini cha imani, hata mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu kabla ya kuupata, na 10:4 imekwisha kumwonya kwamba wasio wateule nao hupata kazi fulani za Roho. Mtu mwenye dhamiri nyepesi akiunganisha vifungu hivyo viwili anaanza kujichimba moyo usiku na mchana, na kila anachokipata ndani anakishuku. Calvin alilieleza tofauti. Kwake imani yenyewe ni kuujua kwa uthabiti wema wa Mungu kwetu, na kioo cha kuutazamia uteule wetu ni Kristo, si mioyo yetu. Wanaoitetea Westminster wanasema Ungamo linaeleza hali halisi za waamini. Ni kweli, na mchungaji anajua waamini wanaotetemeka. Hata hivyo ukifundisha sura ya 18 bila lile la kioo, utazalisha watu wanaoishi kwa hofu.

Mpangilio huu unafaa zaidi darasani: anza sura ya 7 na 8 (agano na Mpatanishi), kisha 10 na 11, 14 na 15, halafu 17 na 18 pamoja, ndipo urudi sura ya 3 mwishoni. Usichukue zaidi ya vifungu vitatu kwa kipindi. Kila kifungu, aya isomwe kwanza kwa sauti, kifungu baadaye, kisha darasa liamue: aya inasema jambo hili, inaliunga mkono, au haipingani nalo tu? Andikeni jibu pembeni ya ukurasa. Kwenye sura ya 11 karibu kila kitu kitaingia kundi la kwanza. Mkifika sura ya 28, kundi la tatu litaanza kujaa.

Hiyo ndiyo sura ya ubatizo, na ina vifungu saba. Cha 3 kinasema kumzamisha mtu majini si lazima, kumwagia au kunyunyizia maji kunatosha. Sauti yake ni tulivu kuliko historia yake. Mwezi wa Agosti 1644, mkutano ulipokuwa ukiandaa mwongozo wa ibada, suala la kuzamisha lilipigiwa kura na matokeo yakawa 25 kwa 24. Calvin mwenyewe alikiri kwamba kanisa la kale lilizamisha, ila akaona namna ya kutumia maji iachiwe kila nchi. Msimamo huo wa Calvin ni wa busara kuliko kelele za pande zote mbili, na katika Ukambani au Turkana wakati wa kiangazi una maana ya vitendo pia.

Mzizi wa ubishi ni kifungu cha 4: wabatizwe pia watoto wachanga wa wazazi waaminio, hata kama mzazi mmoja tu ndiye anayeamini. Hoja ni ya agano. Mungu alimpa Ibrahimu ahadi pamoja na uzao wake (Mwanzo 17:7), watoto wakatiwa alama, agano la neema ni lilelile, alama imebadilika kutoka tohara kuwa ubatizo, Mungu hajaamuru watoto waondolewe, basi wabatizwe. Inapendeza, na inamfundisha mzazi kwamba mtoto wake si mgeni kanisani. Tuipime lakini.

Wakolosai 2:11-12 ndiyo aya inayounganisha tohara na ubatizo. Inasema tumetahiriwa kwa tohara isiyofanyika kwa mikono, na katika ubatizo tumefufuliwa pamoja naye "kwa kuziamini nguvu za Mungu". Imani imo ndani ya sentensi ileile. Matendo 2:39 husomwa sana wakati wa ibada ya kubatiza mtoto, na msomaji huishia kwenye "na kwa watoto wenu". Aya inaendelea: "na kwa watu wote walio mbali, na kwa wote watakaoitwa na Bwana Mungu wetu wamjie". Walio mbali hawabatizwi kabla ya kuitika wito. Katika 1 Wakorintho 7:14 mtoto anaitwa mtakatifu kwa sababu ya mzazi aaminiye, lakini aya hiyohiyo inasema mwenzi asiyeamini naye hutakaswa, wala hakuna baraza la wazee litakalombatiza mume asiyeamini kwa sababu mkewe ni mshirika. Na tukirudi kwa Ibrahimu mwenyewe, alitahiri kila mwanamume wa nyumba yake, hata watumwa walionunuliwa kwa fedha, na Ishmaeli akiwa na miaka 13. Kanisa la Kipresbiteri halimbatizi mfanyakazi wa nyumbani kwa imani ya mwajiri wake. Maana yake ni kwamba alama imehamishwa kwa kuchaguliwa: baadhi ya masharti ya tohara yamekuja, mengine yameachwa nyuma.

Nyumba zilizobatizwa katika Matendo hazimalizi ubishi. Kwa mlinzi wa gereza Filipi, neno lilihubiriwa kwa wote waliokuwa nyumbani mwake kabla ya maji (Mdo 16:32), na nyumba ya Stefana baadaye inatajwa ikiwahudumia watakatifu (1 Kor 16:15). Watoto wachanga huenda walikuwamo. Haijaandikwa.

Pigo kubwa zaidi liko ndani ya mfumo wenyewe. Katekisimu Kubwa ya Westminster, swali la 177, inatenga Meza ya Bwana kwa wale waliofikia umri na uwezo wa kujihoji, kwa sababu ya 1 Wakorintho 11:28. Sawa kabisa. Lakini Petro alisema "Tubuni mkabatizwe", na sharti hilo hawaliwekei mtoto. Sharti la Meza linamzuia mtoto, sharti la ubatizo halimzuii, ingawa yote mawili yameandikwa kwa namna moja. Calvin alijaribu kujibu kwamba watoto hubatizwa kwa ajili ya toba na imani ya baadaye, na kwamba mbegu yake imo ndani yao kwa kazi ya siri ya Roho. Hilo ni tumaini zuri, ila si hoja ya lazima. Wabatisti wa Kiingereza walionyesha jambo hili mwaka 1677 kwa vitendo: walichukua Ungamo hilihili, wakabaki na uteule, wito wenye nguvu na udumifu wa watakatifu, wakaandika upya ubatizo kuwa wa waamini na kwa kuzamishwa. Mfumo haukuanguka.

Nisiwe mkali bila haki. Kifungu cha 6 kina faida kubwa kwa makanisa yetu: nguvu ya ubatizo haifungwi na dakika maji yanapotumika. Mwamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulijaza makanisa watu waliobatizwa utotoni na kushuhudia kuokoka wakiwa watu wazima. Wengi wao wakihamia kwa Wapentekoste huzamishwa tena, na ndugu zao huchukulia hilo kama tusi. Kifungu cha 6 kinamwezesha mchungaji kusema, "Ahadi uliyopewa utotoni umeipokea leo", na cha 7 kinakataza ubatizo wa pili. Mahali mambo yanapoharibika ni kabla ya hapo: baraza la wazee linapokubali kila mtoto anayeletwa, wazazi wanaweka nadhiri wasizozielewa, jina linaingia kwenye daftari, na hakuna mzee anayefuatilia mpaka darasa la kipaimara. Anayeshika kifungu cha 4 sharti ashike sehemu ya "mzazi aaminiye": mahojiano na wazazi wote wawili, hali yao ya ushirika ithibitishwe, na mzee mmoja aandikwe pembeni ya jina la mtoto kwamba ndiye atakayemfuatilia.

Kifungu kimoja kinahitaji tahadhari msibani. 10:3 inasema watoto wachanga wateule wafao utotoni huokolewa na Kristo kwa Roho. Haisemi kama wapo watoto wasio wateule, lakini mama aliyefiwa atalisikia neno "wateule" na swali litamkaa kooni. Msimsomee. Kanuni za Dort, fundisho la kwanza, kifungu cha 17, zinasema wazazi wachaji wasitie shaka uteule na wokovu wa watoto wao ambao Mungu amewatoa katika maisha haya wakiwa wachanga. Msomeeni hiyo.

Kuhusu unabii, 1:1 inasema njia zile za awali za Mungu kuwafunulia watu wake mapenzi yake sasa zimekoma. Waebrania 1:1-2 imewekwa kama ushahidi, lakini Agabo na binti wanne wa Filipo (Mdo 21:9-11) walitabiri baada ya Mwana kuja, kwa hiyo aya hiyo inathibitisha kwamba Mwana ndiye neno la mwisho, haithibitishi yenyewe kwamba karama imezimwa. Wengi hukimbilia 1 Wakorintho 13:10 na kusema "iliyo kamili" ni Biblia iliyokamilika. Calvin hakuisoma hivyo. Aliona ni ukamilifu wa maisha yajayo, na mstari wa 12 wa "uso kwa uso" unamuunga mkono. Hoja imara ni Waefeso 2:20: mitume na manabii ni msingi, na msingi huwekwa mara moja. Hiyo inafunga mlango kwa yeyote anayetaka neno lake liongezwe kando ya Maandiko. Haifungi mlango kwa Mungu kumwonyesha mtu jambo. Samuel Rutherford, mjumbe wa Scotland kwenye mkutano huohuo, aliandika mwaka 1648 kwamba watu kama George Wishart na John Knox, wahubiri wa Matengenezo huko Scotland, walitabiri mambo yakatokea, ila hawakumlazimisha mtu kuyaamini kama Neno la Mungu. Kwa hiyo 1:1 isomwe pamoja na maelezo hayo ya mwandani wake, la sivyo itapingana na 1 Wathesalonike 5:19-21.

Kwa matumizi ya leo, 1:6 na 1:10 ndizo silaha. Mtu akisema "Bwana ameniambia umuoe fulani" au "panda mbegu ya shilingi elfu hamsini upokee visa", vifungu hivyo vinaweka kila roho ya mtu binafsi chini ya hukumu ya Maandiko. Maswali ni matatu: linaongeza amri ambayo Mungu hakuitoa? Linamfunga mtu mwingine dhamiri? Na likishindwa kutimia, msemaji atahojiwa na nani (Kumbukumbu 18:21-22)? Asiyekubali swali la tatu asipewe kipaza sauti.

Ukitafuta nakala, chukua yenye aya zilizochapishwa kwa ukamilifu, si namba tu chini ya ukurasa. Angalia pia idadi ya sura. Nakala yenye sura 35 ni ya Wapresbiteri wa Marekani wa mwaka 1903, walioongeza sura juu ya Roho Mtakatifu na juu ya upendo wa Mungu na umisheni, wakatamka kwamba 10:3 isichukuliwe kufundisha kuwa yupo mtoto mchanga aliyekufa akapotea. Yenye 33 angalia 25:6: ikimwita Papa mpinga Kristo, hapo unayo maneno ya awali ya 1646, na kifungu hicho hakina haja ya kufundishwa kwa kipaimara.